Namna ya Kutibu Upungufu wa Damu kwa Mgonjwa wa Moyo na Figo

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, na ambaye figo zake nazo zimedhoofika, mara nyingi huambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua. Ndugu wakisikia hivyo hupata mawazo mawili: aongezewe damu haraka, au anunuliwe vidonge na juisi za kuongeza damu. Yote mawili yana mahali pake, lakini kwa mgonjwa huyu hakuna hata moja linalofaa kuwa hatua ya kwanza, na yote yanaweza kumdhuru yakifanywa kabla chanzo hakijajulikana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza hospitali, ili waelewe daktari anatafuta nini, matibabu yanafuatana vipi, na maswali gani yanafaa kuulizwa. Dozi na uchaguzi wa dawa hubaki kwa daktari anayemwona mgonjwa kwa macho yake.

Chanzo cha damu kupungua

Figo zenye afya hutengeneza homoni iitwayo eritropoietini, ambayo wauguzi wengi huiita EPO kwa kifupi. Homoni hiyo ndiyo inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikiharibika, homoni hupungua, na uboho hukosa amri hata kama malighafi ipo. Hiyo ni sababu moja tu, na wanaoitazama hiyo peke yake hukosea matibabu.

Sababu ya pili ni madini ya chuma. Magonjwa sugu ya moyo na figo huamsha uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho, yaani mwitikio wa kinga ya mwili na si kujaa maji, na ini hujibu kwa kutoa homoni nyingine, hepsidini, inayozuia chuma kufyonzwa utumboni na kutoka kwenye hifadhi zake. Hapo chuma huwa kimo mwilini lakini kimefungiwa ghalani, na uboho haukipati. Mgonjwa wa moyo aliyejaa maji pia huwa na utumbo uliovimba, hamu ya kula huisha, na hata kidonge cha chuma anachomeza hufyonzwa kwa shida.

Tatu ni damu inayopotea kidogo kidogo. Aspirini, klopidogreli na wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda ambazo wagonjwa wengi wa moyo wanazihitaji, huweza kusababisha tumbo au utumbo kuvuja damu bila maumivu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, kwa kuwa huchubua tumbo, huumiza figo na hufanya mwili uzuie chumvi na maji, hivyo zinampiga mgonjwa huyu mahali patatu kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hupoteza damu kidogo inayobaki kwenye mirija kila kipindi, pamoja na ile inayochukuliwa kwa vipimo.

Nne, na hii husahaulika sana, ni maji yenyewe. Mwili ukijaa maji, damu huzimuliwa, na kipimo huonyesha damu chache ingawa chembe nyekundu hazijapungua kwa kiasi hicho. Mgonjwa akipewa furosemidi, dawa ya kukojosha, akakojoa na uvimbe ukapungua, kipimo hupanda bila dawa yoyote ya damu.

Kwa upande wake, upungufu wa damu huurudia moyo. Damu ikiwa chache, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili viungo vipate oksijeni, mwili huzuia chumvi na maji, ukuta wa moyo hunenepa, na figo hupata oksijeni kidogo kuliko awali. Ndiyo maana magonjwa haya matatu huonekana kutembea pamoja. Hata hapa kwetu jambo hili limeonekana: utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa wapatao 400 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa damu, na ukosefu wa madini ya chuma ulikuwa wa kawaida mno miongoni mwao.

Anza na vipimo vilivyokamilika

Kuchoka, kuhema akipanda ngazi, moyo kwenda mbio na kizunguzungu ni dalili za upungufu wa damu, lakini ni dalili za moyo na za figo pia. Kwa hiyo usihukumu kwa kutazama viganja na kope za chini peke yake. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamume ana upungufu wa damu hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12. Namba hiyo inasema kwamba kuna tatizo. Haisemi ni tatizo gani.

Omba picha kamili ya damu, wala si wingi wa damu pekee, kwa sababu ukubwa wa chembe nyekundu na idadi ya chembe nyeupe na chembe sahani hutoa fununu za chanzo. Kisha vinahitajika vipimo viwili vya chuma: feritini, inayoonyesha akiba, na kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma, ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa TSAT kwa asilimia. Vipimo hivi havipatikani katika kila zahanati, na huenda sampuli ikapelekwa hospitali ya rufaa au maabara ya mjini. Gharama na usumbufu huo una thamani kuliko miezi ya kumeza vidonge visivyosaidia.

Majibu yake yanahitaji uangalifu. Kwa mtu mwenye afya, feritini ya 60 inaweza kuonekana ya kutosha. Kwa mgonjwa wa moyo haitoshi, kwa sababu uvimbe wa ndani huipandisha feritini hata chuma kikiwa kimepungua. Majaribio makubwa ya tiba ya chuma kwa wagonjwa wa moyo yamehesabu kuwa mgonjwa amekosa chuma feritini ikiwa chini ya 100, au ikiwa kati ya 100 na 299 huku TSAT ikiwa chini ya asilimia 20. Kati ya vipimo hivyo viwili, TSAT ndiyo inayoaminika zaidi kwa mgonjwa wa namna hii. Kwa wagonjwa wa figo, mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, uliruhusu kujaribu chuma TSAT ikiwa asilimia 30 au chini yake na feritini isizidi 500. Kwa hiyo mtu asishtuke daktari akisema chuma ni kidogo wakati karatasi ya maabara imeandika kawaida.

Baada ya hapo hutafutwa sababu nyingine, na katika mazingira yetu orodha hii haiwezi kurukwa: malaria, minyoo ya safura, kichocho, kifua kikuu, VVU pamoja na dawa ya zidovudini ambayo yenyewe hupunguza damu, na selimundu. Anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi apimwe vitamini B12. Mwanamke aulizwe kuhusu hedhi nzito. Mtu mzima aliyekosa chuma bila sababu inayoeleweka achunguzwe tumbo na utumbo mpana, kwa kuwa kidonda au saratani inaweza kujificha nyuma ya maneno "ni figo tu". Mwenye selimundu asipewe chuma kwa mazoea, kwani aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kilichozidi.

Vipimo vya kulinganisha vichukuliwe mgonjwa akiwa ameshatolewa maji ya ziada. Andika katika daftari moja tarehe, uzito wa siku hiyo na namba ya hemoglobini, kwa sababu namba iliyoshuka siku ambayo uzito umepanda kwa kilo tatu haisomwi kama namba iliyoshuka uzito ukiwa palepale.

Madini ya chuma kwanza

Iwapo chuma ni kidogo, hicho ndicho hutibiwa kabla ya sindano za EPO iliyotengenezwa kiwandani, kwa sababu uboho ukiamriwa kufanya kazi bila malighafi hautaleta kitu, na dozi ya sindano itapandishwa bure.

Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu, na ambaye moyo wake haujaathirika sana, anaweza kujaribiwa vidonge kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Vimezwe mara moja kwa siku, au siku moja na kuacha siku moja ikiwa tumbo linasumbua, kabla ya chakula, kwa maji na si kwa chai wala maziwa. Chai ya rangi, maziwa, vidonge vya kalsiamu vinavyotolewa kuzuia fosifeti, na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli hupunguza ufyonzwaji wake. Viachanishwe kwa saa kadhaa, na daktari aulizwe kama omeprazoli bado inahitajika. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, amweleze mfamasia, maana chuma kikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya ni dalili ya damu kuvuja tumboni, na hospitali iendewe siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi, vidonge havijathibitika kusaidia. Jaribio la IRONOUT, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa wagonjwa wa moyo chuma cha kumeza kwa wiki 16 na uwezo wao wa kufanya mazoezi haukuongezeka. Chuma cha mshipani kina historia tofauti. Katika FAIR-HF ya mwaka 2009, wagonjwa waliopewa chuma cha karboksimaltosi, aina mojawapo ya chuma cha mshipani, walijisikia nafuu na kutembea umbali mrefu zaidi, wakiwemo wale ambao hemoglobini yao haikuwa chini sana. Majaribio ya baadaye, kama AFFIRM-AHF ya mwaka 2020 na IRONMAN ya mwaka 2022, yalielekea kuonyesha kulazwa kwa sababu ya moyo kukipungua, ingawa HEART-FID ya mwaka 2023 haikuleta ushindi ulio wazi na suala la kurefusha maisha halijaamuliwa. Kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, jaribio la PIVOTAL lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 lililinganisha kutoa chuma mapema kila mwezi na kusubiri mpaka kipungue sana. Waliopewa mapema walihitaji EPO kidogo, na walikuwa na vifo na matukio ya moyo machache zaidi. Chuma kilisimamishwa pale feritini ilipozidi 700 au TSAT ilipofika asilimia 40, na mipaka hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa ya familia inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote katika tiba hii, kwa hiyo inafaa kumuuliza daktari waziwazi: je, mgonjwa wangu anahitaji chuma cha mshipani, na kinapatikana wapi?

Siku ya kuchomwa dripu ya chuma yako mambo ya kuzingatia. Mgonjwa mwenye homa au maambukizi makali asubiri apone kwanza. Dawa itolewe mahali penye vifaa na dawa za dharura, kamwe si nyumbani, kwani ingawa mzio mkali ni nadra, hutokea ghafla. Mgonjwa abaki akiangaliwa angalau nusu saa baada ya dawa kuisha. Mwambie muuguzi kwamba mgonjwa ana tatizo la moyo, ili dawa ichanganywe katika maji kidogo kadiri maelekezo yake yanavyoruhusu. Akihisi kuwaka au kuvimba pale sindano ilipo, aseme papo hapo, kwa maana chuma kikivuja chini ya ngozi huacha doa la kahawia lisilotoka upesi. Na jambo ambalo ningependa kila ndugu alikumbuke: mgonjwa wa figo anaweza kuhitaji fistula, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji, ya kusafishia damu siku za usoni, kwa hiyo sindano iwekwe nyuma ya kiganja, na mishipa ya mkono asioutumia sana ihifadhiwe.

EPO, na dari isiyopaswa kuvukwa

Chuma kikishatosha na hemoglobini ikabaki chini ya 10, daktari wa figo hufikiria EPO. Kwa anayesafishwa damu, mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2012 ulipendekeza kuanza ikiwa kati ya 9 na 10 ili isishuke chini ya 9. Kwa ambaye hajaanza, uamuzi hutegemea dalili zake na kasi ya kushuka. Mgonjwa wa moyo ambaye figo zake ni nzima hapewi EPO kwa ajili ya moyo: jaribio la RED-HF la mwaka 2013, lenye wagonjwa 2,278, halikupunguza vifo wala kulazwa, bali damu kuganda mishipani kuliongezeka.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini daktari anaridhika na 10 au 11 wakati mtu mzima wa kawaida ana 14. Jibu limelipiwa kwa gharama kubwa. Jaribio la CHOIR la mwaka 2006 liliwapandisha baadhi ya wagonjwa wa figo hadi 13.5 na wengine hadi 11.3, na waliopandishwa zaidi walipata vifo na matatizo ya moyo kwa wingi zaidi. TREAT ya mwaka 2009, iliyohusisha watu 4,038 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, ilikuta kiharusi kimekaribia kuwa maradufu kwa waliolengwa kufikishwa 13. Tangu hapo, lengo la kawaida ni kutovuka 11.5, na kutoifukuzia 13 kwa makusudi. Ndugu anayemshinikiza daktari aongeze dozi ili "damu ijae" anaomba hatari bila kujua.

Sindano hii huweza kupandisha shinikizo la damu, hivyo pima shinikizo nyumbani na uandike; likiwa juu bila kudhibitiwa, sindano iahirishwe mpaka lishuke. Aliyewahi kupata kiharusi au saratani amkumbushe daktari kabla ya dozi ya kwanza. Hemoglobini ipimwe kila mwezi mwanzoni, na ikipanda kwa zaidi ya gramu 1 ndani ya wiki mbili dozi ipunguzwe. Dawa ikae kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, isigandishwe wala kutikiswa. Iwapo haifanyi kazi, kabla ya kuongeza dozi tafuta chuma kilichopungua, maambukizi yaliyojificha, damu inayovuja, au usafishaji wa damu usiotosha kwa sababu vipindi vinarukwa.

Kuna pia vidonge vipya, kama roksadustati na daprodustati, vinavyoufanya mwili utengeneze EPO yake wenyewe. Marekani iliidhinisha daprodustati mwaka 2023 kwa wanaosafishwa damu, pamoja na onyo juu ya kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, hasa kwa wenye historia ya tatizo hilo. Mgonjwa tunayemzungumzia hapa si wa kuvikimbilia.

Kuongezewa damu

Damu ya kuongezewa huokoa maisha pale hemoglobini inaposhuka chini ya 7, au karibu na 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo na dalili kali, au anapovuja damu sana. Nje ya hapo ina madhara matatu kwa mgonjwa huyu. Moyo dhaifu unaweza kuzidiwa na mapafu yakajaa maji. Damu iliyokaa benki huongeza potasiamu ambayo figo haziwezi kuitoa. Na kinga ya mwili hujifunza kushambulia tishu za watu wengine, jambo linalofanya figo ya kupandikizwa iwe ngumu kupatikana. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na figo hutolewa na ndugu aliye hai. Kwa hiyo mgonjwa mwenye matumaini ya kupandikizwa amweleze daktari mapema, na asiongezewe damu ya ndugu anayetarajiwa kumpa figo.

Ikilazimu, itolewe uniti moja, polepole bila kuzidi saa nne, kisha apimwe upya kabla ya nyingine. Anayesafishwa damu apewe akiwa kwenye mashine, ili maji na potasiamu ya ziada vitolewe hapohapo. Akianza kukohoa au kuhema, muuguzi aitwe mara moja.

Dawa za moyo na chakula cha nyumbani

Enalaprili, losartani na dawa za jamii yao zinaweza kushusha hemoglobini kidogo, lakini zinalinda moyo na figo. Zisiachwe kwa ajili ya damu. Dapagliflozini na empagliflozini, zinazotumika sasa kwa magonjwa yote mawili, mara nyingi huipandisha hemoglobini kidogo. Kinachopaswa kuondoka nyumbani ni dawa za maumivu nilizozitaja na mitishamba isiyojulikana kilichomo.

Chakula kinaleta mtego wake. Juisi ya rozela, bitiruti, mchicha, tembele na majani ya maboga husifiwa kwa kuongeza damu, na kwa mama mjamzito mwenye figo nzima mboga hizo ni chakula chema. Kwa mwenye figo dhaifu, tena anayetumia spironolaktoni, dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini, potasiamu iliyomo katika mboga za majani na bitiruti inaweza kupanda hadi kuusimamisha moyo, na kila glasi ya juisi ni sehemu ya maji aliyopangiwa kwa siku. Mboga zikatwe, zichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe. Kiasi kipangwe na mtaalamu wa lishe kulingana na kipimo cha potasiamu. Nyama kidogo, samaki au maini mara mojamoja hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha mboga, ila chumvi isiongezwe mezani. Ukweli ni kwamba hepsidini ikishapanda, chakula peke yake hakitaziba pengo.

Baada ya chuma cha mshipani, feritini na TSAT zirudiwe baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, si mapema zaidi, kwani feritini huruka juu kwa muda. Kliniki ya moyo na ya figo mara nyingi huwa siku tofauti kwa madaktari tofauti, hivyo daftari lile moja liende kote. Mgonjwa akipata maumivu ya kifua, akihema akiwa amelala, akizimia, akilegea upande mmoja wa mwili, akitapika damu, au uzito ukiongezeka kwa kilo mbili ndani ya siku tatu, apelekwe hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki, akiwa na dawa zake zote na karatasi za majibu ya mwisho.